Gari Likishushwa, Kazi ya Magurudumu Ndiyo Inaanza

Kushusha gari hakuchukui muda. Vijana wawili wenye jeki, stendi nne, spana za saizi zinazofaa na kifaa cha kubania springi wanaweza kutoa springi za kiwandani asubuhi na kufunga fupi kabla ya chakula cha mchana. Gari linakaa chini, pengo kati ya tairi na fenda linapungua, mwenyewe analizunguka akipiga picha. Sina ugomvi na furaha hiyo. Subaru Impreza iliyoketi sawasawa inapendeza, na kwenye kona haiyumbi ilivyozoea. Kazi ninayoihusudu mimi huanza baada ya hapo, gari linapofikishwa kwa fundi wa wili alaimenti. Ni wachache wanaosimama kuitazama mpaka mwisho, kwa kuwa haina kelele wala cheche za moto. Ni kazi ya milimita na ya kurudia vipimo.

Kenya, Subaru zimependwa kwa sababu zinazojulikana. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiendesha Impreza, na Richard Burns akashinda mwaka 2000 kwa gari la jina hilo hilo. Magari yale yaliandaliwa yasimame juu, yapite mashimo na mawe ya Bonde la Ufa. Vijana wengi wanaonunua Impreza leo wanataka kinyume chake, liwe karibu na lami. Kwa fundi wa magurudumu, kuinua na kushusha ni suala moja: kimo cha gari kikibadilika, pembe za magurudumu hubadilika nacho, na mtu lazima akae chini azirudishe mahali pake.

Tazama jinsi gurudumu la mbele la Impreza lilivyoshikwa. Kuna mguu wa shoki uliosimama, ambao juu umefungwa kwenye bodi na chini umebana habu. Halafu kuna mkono unaotoka chini ya gari hadi kwenye habu, ukiishia kwa boljointi. Mpango huu unaitwa MacPherson, kwa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, na Ford Consul ya Uingereza iliyooneshwa mwaka 1950 ni miongoni mwa magari ya kwanza kuutumia. Ni mpango wa vipande vichache, rahisi kutengeneza, na ndiyo maana umeenea duniani kote. Lakini una tabia yake. Mkono wa chini, gari linapopanda na kushuka, huchora tao. Kwenye kimo cha kiwandani mkono huo umeinama kidogo kuelekea kwenye gurudumu. Gari linapolalia upande mmoja kwenye kona, ncha ya mkono inapanda na kusukumwa nje kidogo, chini ya tairi kunatoka, juu kunaingia ndani, na tairi linabaki limelala vizuri kwenye lami. Wahandisi walikusudia hivyo.

Sasa lishushe gari milimita 60. Mkono umekuwa sambamba na ardhi, au umepita hapo, ncha ya upande wa gurudumu ikawa juu kuliko ya ndani. Kuanzia hapo, gari likilala kwenye kona, mkono unavuta chini ya tairi kuingia ndani, na tairi linaanza kusimama kwa ukingo wake wa nje wakati ule ule linapohitaji kulala bapa. Kuna jambo la pili pia, lisiloonekana kabisa. Kila gari lina kitovu ambacho bodi hulala likikizunguka, na kwenye MacPherson kitovu hicho hushuka kwa kasi kuliko bodi lenyewe. Kwa hiyo gari lililoshushwa kupita kiasi hupenda kulala kuliko mwanzo, ingawa limekaribia ardhi. Kinachosaidia kulizuia ni ugumu wa springi. Fundi anayelijua hili huinama kwanza kuangalia mkono wa chini umeelekea wapi. Akiona umepita usawa, huanza kuzungumza habari za boljointi ndefu za kuurudisha mkono kwenye mteremko wake, kabla hata ya kuwasha mashine ya alaimenti.

Mark X, ambayo imejaa barabarani kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi, ina shida ya aina nyingine. Mbele ina mikono miwili, wa juu mfupi na wa chini mrefu, na nyuma ina mikono mingi midogo. Likishushwa, ule mfupi unavuta kichwa cha gurudumu ndani haraka, na gari linajipa kemba hasi bila kuombwa. Kemba ni mlalo wa gurudumu ukilitazama gari kwa mbele: kichwa kikiingia ndani ni hasi, kikitoka nje ni chanya. Matairi ya nyuma ya gari kama hili yanaweza kuliwa upande wa ndani, asikotazama mtu, mpaka siku nyaya zinapoonekana.

Hapo mwenye gari hulaumu kemba. Mafundi wazuri hawakubaliani naye, na nadhani wao ndio wenye haki. Kemba hasi ya digrii moja na nusu, tairi likiwa limeelekea mbele sawasawa, hula ukingo wa ndani polepole sana. Anayeua matairi ni tou. Tou ni tofauti ya upana kati ya kingo za mbele za rimu mbili na kingo zake za nyuma; pua za magurudumu zikielekeana ni tou ya ndani, zikiachana ni tou ya nje. Chukua rimu ya inchi 16, ambayo kipenyo chake ni kama milimita 406. Tou ya milimita 3 ni pembe isiyofika nusu digrii, na ukiigawa kwa magurudumu mawili, kila moja linabaki na kama sehemu moja ya tano ya digrii. Jicho halioni kitu. Piga hesabu sasa: kwa pembe hiyo, kila kilomita moja tairi linaburutwa kando karibu mita 3.7. Nairobi hadi Mombasa ni takriban kilomita 480. Ukiingia Mombasa, kila tairi la mbele limeburutwa kando zaidi ya kilomita moja na nusu, na hapo hujarudi. Kama gari lina kemba hasi pia, uzito wake umeegemea ukingo wa ndani, basi msuguo wote huo unamalizikia hapo. Kemba huchagua mahali tairi litakapolika. Tou ndiyo inayolila.

Na hakuna pembe inayovurugwa na kushusha gari kama tou. Tairodi, ule mkono mwembamba unaotoka kwenye reki ya usukani kwenda kwenye gurudumu, nao huchora tao lake. Kiwandani tao hilo lilipatanishwa na tao la mkono wa chini, ili gurudumu lipande na kushuka bila kugeuka. Gari likiondolewa kwenye kimo chake, matao hayo mawili hayapatani tena. Gurudumu likipanda linageuka kidogo, likishuka linageuka kwingine. Kuna magari ambayo tairodi ziko mbele ya ekseli na mengine ziko nyuma yake, na hilo ndilo huamua pua zitaachana au zitaelekeana. Dereva hulihisi akipita tuta, au kwenye lami iliyokunjwa na malori: usukani unachezacheza mikononi naye hajaugeuza. Mashine ya alaimenti hupima gari likiwa limetulia, kwa hiyo hailioni jambo hili. Fundi makini hulitafuta mwenyewe. Anaondoa springi, anainua gurudumu kwa jeki sentimita chache chache, na kila kituo anasoma tou na kuiandika. Ni kazi ya kuchosha, na wengi hawaifanyi.

Fundi mmoja wa Industrial Area, Nairobi, aliniruhusu nikae karibu na lifti yake nimtazame akihudumia Impreza iliyotoka kufungwa springi fupi. Mwenye gari alikuwa na haraka.

“Mzee, weka tu mashine, niko mbio kidogo.”

“Mashine itakuja, kijana wangu. Ngoja kwanza nione miguu.”

Alianza na presha ya matairi, yote manne, maana tairi moja likilegea kona hiyo inashuka na vipimo vyote vinapotea. Akafungua buti. Mlikuwa na sanduku kubwa la spika, akauliza kama huwa linabaki humo siku zote. Alipojibiwa ndiyo, akafunga buti na kuliacha: gari hupimwa jinsi linavyotembea. Akatazama geji ya mafuta. Kisha akalipandisha gari na kutikisa kila gurudumu, mikono ikiwa juu na chini, halafu kushoto na kulia. Akamwita msaidizi aendelee kutikisa, naye akaingia chini na kuweka kidole kimoja kwenye maungio ya tairodi, pale chuma kinapokutana na chuma. Nilimwona amefumba macho. Upande wa kulia kidole kilisikia mchezo mdogo ambao mimi, nikiwa karibu yake na tochi mkononi, sikuuona. “Hii imeisha,” akasema, na kazi ikasimama mpaka tairodi endi nyingine ilipoletwa kutoka Kirinyaga Road. Alinieleza kwamba kupima magurudumu kwenye maungio yaliyolegea ni kuandika namba zitakazobadilika gari likivuka geti.

Baada ya hapo akafanya jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa ufundi huu. Gari likiwa limesimama kwa matairi yake juu ya lifti ya njia mbili, alilegeza bolti za ndani za mikono ya chini, mbele na nyuma. Bushi za mikono hiyo ni mpira ulioshikamana na chuma, nje na ndani. Hazizunguki kama beringi. Hujisokota tu, na zikiachiwa hurudi. Bolti ikikazwa gari likiwa linaning'inia kwenye jeki, mpira unakuwa umetulia katika hali ya kuning'inia. Gari likishushwa chini, mpira unaishi umesokotwa mchana na usiku, unasukuma gari juu kidogo, na mwishowe unachanika. Vijana waliofunga springi walikaza bolti magurudumu yakiwa hewani. Mzee alizilegeza zote, akalisukuma gari mbele na nyuma, akakalia boneti na buti kwa zamu kulipiga chini mara kadhaa, kisha akazikaza upya katika kimo chake kipya. Gari likashuka kidogo tena. Hakuna hata moja ya kazi hizi ambayo mashine ingeiomba, wala haikuandikwa kwenye risiti.

Ndipo vifaa vya kupimia vikafungwa kwenye rimu, na kazi ikaanzia nyuma. Wengi hudhani alaimenti ni ya mbele, kwa kuwa mbele ndiko kwenye usukani. Lakini magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linakwenda upande gani. Yakielekea pembeni kidogo, gari zima litatembea upandeupande kama kaa, na dereva atashika usukani uliopinda ili aende moja kwa moja. Ukinyoosha ya mbele kwanza, umenyoosha kwa kufuata mstari wa uongo. Kwenye Impreza kama ile, mkono mmojawapo wa nyuma unashikwa na bolti ya ekisentriki: ukiizungusha, mkono unaingia au unatoka. Bolti hizo hupenda kushikwa na kutu. Mzee aliipaka mafuta ya kupenya, akaiacha, akaenda kufanya jambo jingine, akarudi. Kabla hajaigeuza aliweka alama ya rangi nyeupe ilipokuwa, ili namba zikikataa ajue pa kurudi.

Mbele alianza na kemba, kwa bolti ya juu inayobana shoki na habu. Akaangalia kasta, yaani mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, ukilitazama gari kwa ubavu. Kasta ndiyo inayorudisha usukani katikati ukitoka kwenye kona. Mashine huipata kwa kugeuza magurudumu kama digrii 20 kila upande juu ya sahani zinazoteleza, ikisoma kemba inavyobadilika. Gari lililoshushwa mbele zaidi kuliko nyuma hupoteza kasta, na usukani wake unakuwa mwepesi na mvivu wa kurudi. Hili lilikuwa limeshushwa sawa pande zote, kwa hiyo hapo hakukaa sana.

Tou ilikuja mwisho, na utaratibu huo una sababu: ukigusa kemba, tou inabadilika, lakini ukigusa tou, kemba haitikisiki. Usukani ulinyooshwa na kufungwa kwa fimbo ya kuuzuia. Mzee akalegeza lokinati mbili, akazungusha tairodi kwa spana, kushoto na kulia kwa kiasi sawa ili usukani ubaki katikati, akichunga mpira wa reki usijisokote pamoja na chuma. Namba kwenye skrini ilipokaribia, alisimama kabla haijafika. Nilidhani ameridhika na pungufu. Kisha akakaza lokinati, na ile nguvu ya kukaza ikaisogeza namba mpaka ikafika pale alipoitaka. Alijua lokinati ya upande ule itavuta kiasi gani, akaiachia nafasi yake. Ustadi wa namna hiyo hauuzwi pamoja na mashine.

Akatoka na gari barabarani, akarudi, akarekebisha usukani kwa unywele mmoja, akamwambia kijana: “Springi bado ni mpya, zitakaa zaidi. Baada ya wiki mbili niletee tena.” Kijana, ambaye haraka ilikuwa imemtoka zamani, aliitika, “Sawa mzee, nitaleta.”

Nisieleweke kwamba ufundi huu unaishi kwenye lifti na skrini pekee. Timu za mbio za magari bado hutumia uzi. Unatafuta sakafu iliyo sawa kabisa, unavuta nyuzi mbili ubavuni mwa gari, kila upande mmoja, ukizifunga kwenye stendi usawa wa katikati ya magurudumu. Nyuzi lazima ziwe sambamba na umbali sawa kutoka katikati ya gari, na hapa wengi huteleza, kwa kuwa magari mengi upana wa magurudumu ya mbele si ule wa nyuma. Uzi hautakaa umbali mmoja kutoka habu ya mbele na ya nyuma, nao hautakiwi ukae hivyo. Ukishapata usambamba, unapima kwa rula kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha hadi ukingo wa nyuma. Tofauti ndiyo tou ya gurudumu lile peke yake. Badala ya sahani za kuteleza, mabati mawili yenye grisi katikati yanatosha. Kemba unaipata kwa timazi: uzi ukining'inia mbele ya rimu ya inchi 16, kila milimita 7 za tofauti kati ya ukingo wa juu na wa chini ni karibu digrii moja. Fundi wa jua kali mwenye uzi, timazi na subira atakunyooshea gari vizuri kuliko mwenye mashine ya kisasa anayeshughulika na mbele tu, akakuaga.

Jambo moja sitalipamba. Kukata springi za kiwandani kwa gurainda ili gari lishuke ni kazi mbaya, na kuzichoma kwa gesi mpaka zilegee ni mbaya zaidi. Springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi, ukiipunguza mmoja, inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20 huku safari yake ikifupika, na gurudumu likining'inia inaweza kutoka kwenye kikalio chake. Ile iliyochomwa imepoteza uthabiti ambao chuma kilipewa kiwandani, na mara nyingi kona mbili za gari hazilingani tena kimo. Hakuna alaimenti inayoweza kusimama juu ya gari la hivyo, kwa maana kimo chenyewe hakitulii. Fundi akikukatalia kazi ya gari hilo, amekuheshimu.

Kwa hiyo wewe unayefikiria kushusha gari lako, ingiza gharama ya alaimenti kwenye bajeti kabla hujanunua springi, na uihesabu mara mbili, ya kwanza na ya marudio. Shusha kiasi ambacho mkono wa chini haujapita usawa wa ardhi. Uliza kama bolti za bushi zilikazwa gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Ukimpata fundi anayeanza na presha ya tairi na kuweka kidole kwenye tairodi, mpe muda wake wote na umlipe anachostahili. Na ukiondoka, ondoka na karatasi ya vipimo vya kabla na baada, uihifadhi ndani ya gari. Springi zikishakaa utarudi kwake, na ataitaka hiyo karatasi aone alikoanzia.